Ndani ya kikombe cha pakanga mna nini?

Ndugu msomaji, wiki iliyopita nilipomaliza kuyatoa mazungumzo haya redioni, nilikuta simu yangu imejaa ujumbe kabla hata sijashuka ngazi za studio. Wengine walitaka nirudie jina la ile elimu niliyoitaja, kwa kuwa liliwapita haraka. Wengine walinishutumu kwamba nimegeuka adui wa dawa za asili. Na mmoja wa Mbagala, ambaye bila shaka ni mtu asiyependa kuzungushwa, aliuliza maneno matatu tu: ninywe ama nisinywe? Kwa ajili yao wote nayarudia hapa gazetini, na pale ambapo dakika za redio zilinibana nimeongeza kidogo.

Chanzo cha yote ni mama yangu mdogo anayeishi Muheza, mkoani Tanga. Yeye ni mtu wa dawa za majani. Kwake mwarobaini unachemshwa, mlonge unatwangwa, na mchaichai haukosi uani. Miaka michache iliyopita jirani yake alimpa majani makavu ya pakanga, ambayo siku hizi watu wengi wanayaita artemisia, akamwambia kuwa ni dawa ya malaria. Aliposhikwa na homa aliyachemsha akanywa, na homa ikaondoka. Tangu hapo ukimtajia zahanati anakutazama kama mtoto asiyejua kitu.

Masika yaliyofuata homa ikarudi. Safari hii jirani alikuwa amehama, basi mama mdogo akanunua pakiti sokoni, yenye jina lile lile na picha ya majani. Akanywa siku tatu. Siku ya pili homa ikapoa, akafua nguo, akaenda shambani. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu usiku kwamba hawezi hata kusimama. Tukamfikisha hospitali, damu ikapimwa, wakakuta vijidudu vya malaria vimejaa tele. Akalazwa, akatundikiwa dawa, na namshukuru Mungu alipona.

Nilipokuwa nimekaa kando ya kitanda chake nilimwambia kwa adabu, "Mama mdogo, hii pakanga nayo sasa tuiache." Akanijibu, "Mwanangu, wewe si mwandishi wa habari? Hebu nieleze. Mwaka ule ilinitibu vipi, na mwaka huu imenitupa vipi? Si ni ile ile?"

Nilikosa jibu. Stashahada yangu ni ya uandishi wa habari, wala si ya ufamasia. Lakini swali lile halikunitoka, na katika kulitafutia jibu kwa wanaojua na katika kusoma ndipo nilipokutana na elimu inayoitwa metabolomiki.

Kabla ya kufika huko, tuianze safari kwa pakanga yenyewe. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo, kwani ndilo jina la nyota iliyoyatia maji uchungu katika kitabu cha Ufunuo. Pakanga zipo za aina nyingi, na hata milima yetu inayo ya kwake. Ile iliyopata sifa duniani ni pakanga ya Kichina, ambayo wataalamu wanaiita Artemisia annua. Katika miaka ya 2000 wakulima wa kaskazini mwa Tanzania, wa Kenya na wa Uganda waliilima kwa ajili ya viwanda vya dawa.

Sifa hiyo ilianza na vita. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa sababu askari katika vita vya Vietnam walikuwa wakiuawa na homa hiyo. Mwaka 1969 akaingizwa mama mmoja mtaalamu wa dawa, Tu Youyou. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya tiba za kienyeji zaidi ya 2,000 wakaanza kuzijaribu kwa panya. Pakanga ilikuwamo, ila iliwasumbua: leo inaua vijidudu, kesho haiui. Hapo nikamkumbuka mama mdogo, kwamba swali lake la Muheza lilikwisha kuulizwa Beijing miaka 50 na zaidi iliyopita.

Tu Youyou akarudi kwenye vitabu vya kale. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, aliona kwamba majani yale hayakuchemshwa. Yalilowekwa katika maji, yakakamuliwa, na mgonjwa akanywa maji yake. Mama yule akashuku kwamba moto ndio unaoiharibu dawa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo sana, na mwezi Oktoba 1971 akapata maji ya dawa yaliyoua vijidudu vyote katika panya waliojaribiwa. Mwaka uliofuata, yaani 1972, wakaitenga kemikali yenyewe ikiwa chengachenga nyeupe. Ndiyo artemisinini. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto ambayo Tanzania Bara iliifanya tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2006 ni mtoto wa kemikali hiyo.

Ni kisa kizuri, na kila mtetezi wa dawa za asili hupenda kukisimulia. Lakini kitazame vizuri. Kilichoshinda ni njia ya kumsaka mhusika mmoja. Unauchukua mmea, unaugawa mafungu, unajaribu kila fungu, lile lenye nguvu unaligawa tena, mpaka ubaki na kemikali moja mkononi. Hivyo ndivyo kwinini ilivyopatikana katika magome ya mti, na mofini katika utomvu wa mpopi. Ni njia iliyookoa mamilioni ya watu, wala mimi siidharau.

Ila mama mdogo hanywi artemisinini. Anakunywa jani zima.

Tufananishe na pilau. Mtu akila pilau yako akaisifu, unaweza kuanza kuuliza: je, ni bizari nyembamba? Ni iliki? Ni mdalasini? Ukikitoa kiungo kimoja kimoja na kukionja peke yake hutapata ladha ya pilau, kwa kuwa utamu wake umo katika mchanganyiko na vipimo. Tena wapishi wawili watakuletea sahani mbili, zote zinaitwa pilau, moja ukaimaliza na nyingine ukaisukuma pembeni. Jani la dawa ndivyo lilivyo. Lina mamia kwa maelfu ya kemikali, kila moja kwa kipimo chake, na vipimo hivyo hubadilika kwa mbegu, kwa udongo, kwa mvua, kwa mwezi wa kuvunwa na kwa jinsi lilivyoanikwa. Katika pakanga ya Kichina artemisinini yenyewe huweza kuwa karibu na sifuri, na huweza kupita asilimia 1 ya uzito wa majani makavu. Kwa macho majani hayo ni mamoja.

Hapo ndipo inapoingia metabolomiki. Ndani ya kila kiumbe hai, mmea au mtu, kuna kazi ya kikemikali isiyolala: kujenga, kuvunja, kuunguza sukari, kutengeneza mafuta, kutoa taka. Kazi hiyo yote tunaiita umetaboli. Vitu vidogo vidogo vinavyotokana nayo, kama vile sukari, asidi, rangi, harufu, na sumu ambazo mmea hujikinga nazo dhidi ya wadudu, huitwa metaboliti. Basi metabolomiki ni elimu ya kuzipima metaboliti nyingi iwezekanavyo kwa mara moja, bila kuchagua mapema ipi ni ya maana. Ni elimu changa. Majina yake yalianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, na mmoja wa waanzilishi wake ni Jeremy Nicholson wa chuo cha Imperial jijini London, ambaye yeye na wenzake waliielezea mwaka 1999 kwa jina lililokaribiana na hilo.

Wanapimaje? Wapo wanaotumia mashine mbili zilizounganishwa. Ya kwanza hutenganisha. Waliosoma sayansi sekondari watakumbuka kudondosha wino mweusi kwenye karatasi ya chujio na kuichovya ncha yake katika maji: wino hujigawa, buluu ikaenda huku, njano huku, kila rangi kwa mwendo wake. Mashine hufanya hivyo hivyo kwa maji ya jani, ndani ya mrija mwembamba. Ya pili ni mizani, lakini mizani ya kupima uzito wa molekuli moja moja zinavyotoka katika mrija. Kila kemikali inaacha alama yake, mahali ilipotokea na uzito wake.

Wengine hutumia sumaku kubwa sana, ndugu wa ile mashine ya MRI iliyoko katika hospitali kubwa. Maji ya jani huwekwa katikati ya sumaku, kisha hupigwa na mawimbi ya redio. Naam, mawimbi ya redio! Nilipoambiwa hivyo nilijiona nami nimo katika sayansi. Hidrojeni iliyomo katika kila kemikali huitikia kwa wimbi lake tofauti kidogo na la mwenzake, na mashine husikiliza kama wewe unavyotafuta stesheni usiku. Tofauti ni kwamba redio yako ya FM inaishia kwenye megahezi 108, na mashine hizo nyingi zinafanya kazi kwenye 400 au 600.

Kinachotoka ni mchoro wenye vilele vingi, virefu na vifupi, kama milima ya Usambara ikitazamwa kutoka barabarani Mombo. Mchoro mmoja peke yake hausemi mengi. Kazi huanza pale unapokuwa na michoro 50 au 100, ya majani ya mashamba mbalimbali, ukaipa kompyuta iilinganishe. Kompyuta haijui pakanga wala mchicha. Inaangalia tu ipi inafanana na ipi, na inachora nukta kwenye ramani: zilizofanana zinakaa pamoja, zilizotofautiana zinakaa mbali. Kisha mtaalamu anauliza, nukta za kundi hili zimezidi nini kuliko za kundi lile?

Mfano wa kweli uko kwa pakanga yenyewe. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliochukua dawa zilizokamuliwa katika pakanga ya Kichina kutoka sehemu mbalimbali, wakazipitisha kwenye sumaku. Michoro peke yake iliweza kutenga majani yaliyotoka huku na yale ya kule. Zaidi ya hapo, walitumia kama asilimia 70 ya sampuli kuifundisha kompyuta, na asilimia 30 iliyobaki wakaificha. Kompyuta ikakadiria kwa kiasi kikubwa ni zipi kati ya zile zilizofichwa zingekuwa na nguvu juu ya vijidudu vya malaria. Fikiri maana yake kwa mnunuzi wa sokoni: kabla kikombe hakijafika mdomoni, mtu ameitazama michoro akasema, haya yana nguvu na haya ni majani ya kupamba meza.

Kuna jambo jingine. Ile pakanga ya milimani kwetu Afrika, Artemisia afra, ambayo hutumika kwa vifua na homa tangu zama za mababu, nayo ilipimwa kwa sumaku na matokeo yakatoka mwaka 2010. Artemisinini haikuonekana ndani yake. Sisemi kwamba haifai kitu, kwani inazo kemikali zake na wapo wanaoitetea kuwa hufanya kazi kwa njia nyingine. Nasema kwamba ni mmea mwingine. Ukiuziwa kwa jina la artemisia, na jina hilo ni la haki kabisa, unaweza kuwa umenunua ndugu mwenye ukoo mmoja na tabia tofauti.

Majina kufanana si jambo la mzaha. Mapema miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokuwa wakienda kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mwaka 1992 madaktari wakaanza kushangaa kuona wanawake wasio wazee figo zao zikifa. Baadaye watu zaidi ya 100 wakajulikana kuwa wameathirika. Mzizi uliotakiwa uliitwa fangji. Uliowekwa uliitwa guang fangji, jina linalokaribiana, mmea mwingine kabisa, wenye asidi ya aristolokiki inayoharibu figo na kuleta saratani. Kwa unga uliokwisha kusagwa jicho halioni tofauti wala ulimi haujui. Mashine inaona.

Na kwa kuwa tumegusa unga uliosagwa, niseme na lile ambalo wanaume wenzangu hawapendi litajwe. Katika nchi nyingi maabara zimekamata dawa zinazodaiwa kuwa za asili kwa ajili ya nguvu za kiume, kumbe zimetiwa sildenafili kwa siri, ile ile ya vidonge vya hospitali, bila kipimo na bila onyo kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Mnunuzi anasifu mizizi, kumbe anachokisifu kimetoka kiwandani. Hiyo nayo haijifichi mbele ya mizani ya molekuli.

Hadi hapa nimezungumzia jani. Upande wa pili wa kikombe yuko mnywaji, na mimi naona huko ndiko elimu hii inakopendeza zaidi. Maana kama jani ni kemikali elfu, na mwili ni kemikali maelfu, utajuaje lipi limegusa lipi? Unapima mkojo au damu kabla ya kunywa, wakati wa kunywa na baada ya kuacha, kisha unaitazama michoro ikibadilika.

Mwaka 2005 watafiti wa London walichapisha jaribio la namna hiyo kwa chai ya kamomili, ile ya maua inayouzwa kwenye maduka makubwa kwa watu wanaokosa usingizi. Watu 14 walikunywa vikombe vitano kwa siku kwa wiki mbili, na mkojo wao ukapimwa. Mambo mawili yalinishangaza. Kwanza, kemikali moja iitwayo hipureti iliongezeka. Hipureti haimo katika ua. Hutengenezwa pale bakteria wa tumboni wanapovunja vitu vya mmea na ini likamalizia kazi. Maana yake ni kwamba dawa ya majani haifanyi kazi na mwili wako peke yako, bali na hao wapangaji waliomo tumboni, na wapangaji wa tumbo langu si wa tumbo lako. Pili, wiki mbili baada ya kuacha chai, mkojo ulikuwa bado haujarudi ulivyokuwa. Kikombe kimekwisha, kazi yake inaendelea. Bibi zetu waliposema dawa hii inywe, kisha ngoja mwezi uandame ndipo unywe tena, huenda waliona kitu.

Usinielewe vibaya lakini. Mchoro wa mkojo kubadilika si kupona. Ukila mchicha mchoro hubadilika, ukinywa kahawa hubadilika, ukikosa usingizi hubadilika. Ndiyo maana majaribio haya yanataka watu walioangaliwa chakula chao, na kompyuta inayoweza kudanganyika ikiwa mtu ameilisha sampuli chache. Tena sehemu kubwa ya vilele katika mchoro wowote havina majina bado. Mtaalamu anaona kipo kitu, anaona kimeongezeka, lakini hajui kiitwe nani. Metabolomiki inakwambia dawa imegonga mlango upi. Kama mgonjwa amepona, hilo huthibitishwa kwa wagonjwa wenyewe, kwa kuhesabu waliopona na wasiopona.

Na kwa pakanga wagonjwa walikwisha kuhesabiwa. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako wagonjwa wa malaria walipewa chai ya pakanga ya Kichina na wengine kwinini. Homa zilishuka upesi. Baada ya siku 7, asilimia 74 ya wanywaji wa chai kwa wastani hawakuwa na ugonjwa, na kwa kwinini asilimia 91. Ungeishia hapo ungesema chai si haba. Lakini walifuatiliwa, na wengi wa wanywaji wa chai malaria iliwarudia katika wiki zilizofuata. Watafiti wenyewe wakaandika kwamba chai hiyo peke yake haifai kuwa badala ya dawa za malaria. Nilipoyasoma hayo nilihisi nasoma cheti cha mama mdogo: siku ya pili nafuu, wiki ya pili kitandani.

Sababu moja si ngumu. Mwaka huo huo wa 2004 watafiti wengine walitengeneza chai kwa gramu 9 za majani katika lita moja ya maji, wakapima artemisinini iliyomo. Walipata kama miligramu 94, ilhali dozi ya kawaida ya artemisinini ni kama miligramu 500. Hiyo ni lita nzima, na majani yenyewe ni mazuri yanayojulikana yalikotoka. Vijidudu vinapigwa kofi, vinayumba, homa inashuka, kisha vilivyobaki vinazaana. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria, na hoja zake kubwa ni hizo: kipimo hakijulikani, na hakitoshi.

Tena lipo la kutisha zaidi ya mgonjwa mmoja. Kijidudu kinachopigwa kofi mara kwa mara bila kuuawa hujifunza kukwepa. Mwaka 2020 ilitolewa taarifa ya vijidudu vyenye dalili za usugu kwa dawa za jamii ya artemisinini nchini Rwanda, mwaka 2021 Uganda, na baadaye Kagera kwetu. Sisemi kwamba vikombe vya pakanga ndivyo vilivyoleta hayo. Nasema kwamba hii ndiyo dawa tuliyobaki nayo baada ya klorokwini na SP kutushinda, na si ya kuchezewa kwa dozi za kukisia.

Basi je, tuyafunge mabanda ya dawa za asili? La hasha. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba za asili tangu mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Mababu hawakuwa wajinga. Tu Youyou angeyadharau maandishi ya karne ya 4 asingepata kitu. Malalamiko yangu ni kwamba tunabishana kwa miaka mingi kama mmea fulani unafaa au haufai, kana kwamba mmea ni kitu kimoja. Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha mti wa mugariga, na nchi nzima ikagawanyika: wanaoamini na wasioamini. Mwaka 2020 ndege ilipokwenda Madagaska kuleta dawa ya korona yenye artemisia, tukagawanyika tena. Katika mabishano yale sikumsikia mtu akiuliza kama kikombe cha leo ni sawa na kikombe cha jana. Hilo ni swali linalopimika. Mashine hizi ni ghali, sikatai, na mtu wa kuzitumia husomeshwa miaka. Lakini huhitaji mashine kila kijiji. Unahitaji mganga anayekubali kutoa majani yake na kusema aliyavuna wapi na lini, na maabara inayomheshimu hata akajua kwamba siri yake haitaibwa. Kati ya hayo mawili, nina wasiwasi zaidi na la pili.

Ndugu wa Mbagala, jibu langu ni hili. Ukiwa na homa, kapime damu kwanza. Ikiwa ni malaria, meza dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, siku tatu, usibakize hata kimoja. Mchaichai kunywa upendavyo, na ukinywa dawa yoyote ya majani mwambie daktari, kwa sababu majani nayo ni kemikali na huweza kugombana na vidonge.

Mwezi uliopita nilirudi Muheza. Nikamwamkia mama mdogo, tukaketi uani, nikamwambia kwamba jibu lake limepatikana nusu. Nilimweleza kuwa majani ya jirani huenda yalikuwa na nguvu kuliko ya pakiti, na kwamba ya pakiti huenda yalikuwa mazee, au yaliungua juani, au hata ni pakanga nyingine. Nikamweleza na lile gumu zaidi, kwamba mtu mzima aliyezaliwa na kukulia Muheza ana kinga kiasi ya malaria, na huenda mwaka ule wa kwanza homa ingeondoka hata angekunywa maji ya dafu.

Alikaa kimya, akachambua mchele wake. Kisha akasema, "Kwa hiyo jirani sikumlipa bure, na wala sikumlipa kwa haki."

Akaingia ndani akatoka na ile pakiti ya sokoni, imebaki nusu, akanipa niwapelekee hao wenye mashine. Iko kwenye droo ya meza yangu hapa ofisini. Nje ina picha ya majani, ina jina la artemisia na orodha ya magonjwa 14. Haina tarehe ya kuvunwa, haina mahali ilipolimwa, na haisemi ni artemisia ipi.